Pikipiki moja, Leta mbili: tulipe wapi, tulipe mara ngapi?

Vijana wenzetu wa Kasongo, Kabambare, Salamabila, Samba na kote kusini mwa Maniema,

Leo hatuandiki juu ya uchaguzi wala juu ya mkubwa fulani. Tunaandika juu ya kitu chenye kinatoboa mifuko yetu kila wiki, na chenye tumezoea mpaka hatukioni tena: kulipa mara mbili kwa kitu kimoja, sababu tu tunaishi kati ya majimbo mawili.

Safari yenyewe wote tunaijua. Motari anaamka Kasongo kabla jua halijatoka. Nyuma ya pikipiki amefunga mifuko ya mchele na bidoni mbili za mawese. Anapita Kabambare, anaingia Fizi kwa njia ya Lulimba, anashuka mpaka Baraka kwenye ziwa. Kule anauzisha, ananunua ndagala, chumvi, sabuni na vitenge vyenye vimevuka kutoka Kigoma, halafu anarudi. Akipona matope, madaraja mabovu na bunduki za porini, bado hajapona. Kuna kamba yenye imefungwa kati ya miti miwili.

"Kijana, vinyeti iko wapi?"

"Shefu, iyi hapa. Ya mwaka huu, nililipa Maniema."

"Iyo ni ya kwenu. Huku ni Kivu ya Kusini. Na permi?"

"Permi ni iyi, shefu. Ilitoka Kindu."

"Kindu ni mbali na huku. Toa kitu, upite."

Anatoa kitu. Siku ya kurudia, upande wetu wa Maniema, anaulizwa tena kinyume chake: "Umetoka Kivu, umekaa kule wiki ngapi? Basi ulipe kama mugeni." Hapo motari anabaki anajiuliza swali lenye lilitusukuma kuandika haya: mimi ni raia wa inchi moja, ao niko na Leta mbili?

Swali hili si la motari peke yake. Wengi wetu tunaishi hivyo kweli. Wiki mbili kwa mke na watoto Kabambare, wiki mbili kwa kaka Baraka. Masomo Kasongo, kazi ya mikono kwenye dhahabu ya Salamabila, biashara Kongolo ao Kalemie. Kabambare inapakana na Fizi upande wa Kivu ya Kusini, na vilevile inapakana na jimbo la Tanganyika. Kwa mtu wa huku, kuvuka mpaka wa jimbo ni kama kuvuka kiwanja kwenda kwa shangazi.

Tena tukumbushane: mpaka huu ni mudogo kwa umri kuliko wazazi wetu wengi. Mpaka mwaka 1988, Maniema, Kivu ya Kusini na Kivu ya Kaskazini zilikuwa jimbo moja tu, Kivu. Mtu aliyetoka Kasongo kwenda Fizi hakutoka jimboni mwake. Tanganyika nayo ilizaliwa mwaka 2015, wakati Katanga ilipokatwakatwa. Mistari hiyo ilichorwa ili utawala usogee karibu na raia. Haikuchorwa ili kila mustari uwe duka.

Basi sheria inasema nini? Tuchambue vitu vitatu ambavyo watu wa kwenye kamba wanapenda kuvichanganya, sababu tukichanganyikiwa wao wanashiba.

Cha kwanza ni permi. Permi ya kuendesha haina jimbo. Kodi ya barabara, yaani sheria ya mwendo barabarani tuliyo nayo, ni sheria n° 78-022 ya 30 Agosti 1978, na ni ya inchi nzima. Permi inatolewa kwa jina la Jamhuri. Yenye ilitoka Kindu inaendesha Lubumbashi, Bunia na Matadi. Hakuna "permi ya Maniema" wala "permi ya Kivu". Tena inchi yetu iliingia mwaka 1977 katika mapatano ya Vienna ya mwaka 1968 juu ya mwendo barabarani, ambamo mataifa yanakubali, kwa masharti yaliyoandikwa, kutambua permi za wenzao. Sasa kama permi inaweza kutambuliwa na taifa lingine, namna gani ikataliwe na Lulimba?

Cha pili ni vinyeti, kodi ya kila mwaka ya vyombo vya moto. Hapa tuseme kweli: hii ni ya jimbo. Katiba ya 18 Februari 2006, kifungu 204, inatia kodi ya vyombo vya moto katika mambo ya majimbo, pamoja na kodi ya ardhi na kodi ya mapato ya nyumba za kupangisha. Kwa hiyo jimbo iko na haki ya kudai. Lakini pikipiki ni moja, mwaka ni mmoja, na kodi ni moja. Ukishalipa Maniema kwa mwaka huu, Kivu ya Kusini haiwezi kukuuzia mwaka uleule mara ya pili sababu umepita siku tatu. Kama ingekuwa hivyo, dereva wa lori anayevuka majimbo matano angebeba vinyeti tano kwenye kioo, na asingeona barabara.

Cha tatu ni taksi. Taksi si kodi. Kodi unalipa sababu wewe ni raia na uko na mali. Taksi unalipa sababu umepewa huduma. Ukitandika ndagala zako sokoni Baraka, ulipe taksi ya soko ya Baraka. Ukitandika mchele sokoni Kabambare, ulipe ya Kabambare. Ukipanda kivuko, ulipe kivuko. Hapo hakuna kulipa mara mbili, ni huduma mbili. Lakini kamba kati ya miti miwili inatupa huduma gani? Inatufungulia njia yenye yenyewe ilifunga.

Na taksi hazitungwi barabarani. Orodha ya kodi na taksi za majimbo, za miji, za komini, za sekta na za sheferi iliwekwa na ordonansi-sheria n° 18/004 ya 13 Machi 2018. Chenye hakimo hakidaiwi. Katiba kifungu 174 inasema kodi haiwekwi ila kwa sheria. Kifungu 30 inasema kila mtu aliye katika inchi iko na haki ya kutembea humo kwa uhuru na kukaa fasi anapotaka, kwa masharti ya sheria. Na sheria ya jinai inahesabu kuwa kosa la kifungo mtumishi wa Leta kudai ao kupokea kitu anachojua hakistahili kulipwa.

Tuongeze hili. Dekreti ya 28 Machi 2002 iliruhusu huduma nne tu kufanya kazi kwenye mipaka ya inchi: dwani, OCC, DGM na huduma ya afya ya mipakani. Nne, kwenye mpaka wa kuelekea Burundi ao Tanzania, ambako bendera inabadilika na makuta yanabadilika. Sasa uende uhesabu mwenyewe vibanda vyenye vinasimamisha pikipiki kati ya Kasongo na Baraka, ndani ya inchi moja, chini ya bendera moja.

Sasa kwa wenye wanaishi kweli pande zote mbili: tulipe wapi? Jibu letu ni rahisi. Ulipe vinyeti fasi nyumba yako iko, fasi watoto wako wanasoma, fasi pikipiki inalala siku nyingi za mwaka. Uchague moja na ubaki nayo mwaka mzima. Usikimbilie jimbo lenye bei ndogo kwa kujificha, sababu makuta hayo ndiyo tunayasubiri yatengeneze barabara yetu. Siku ukihama kabisa na mizigo yote, hapo ubadilishe anwani, na mwaka unaofuata ulipe kule kupya. Permi haikuhusu katika hesabu hii: inakufuata popote kama jina lako.

Hapa tufike kwenye fasi yenye inauma, na tusiikwepe. Wengi wetu hatuna permi. Tulijifunza pikipiki ya kaka kwa siku tatu, siku ya ine tukabeba abiria. Wengi wetu hatujalipa vinyeti hata upande mmoja, na tunasema "tumeonewa" hali mfuko wa koti hauna karatasi hata moja. Yule wa kwenye kamba anajua hilo. Njo maana hapandishi sauti: anajua utatoa tu. Asiye na permi hana mudomo wa kukataa. Anapatana bei chini ya mti, na bei yenye wanapatana inakuwa sheria kwa sisi wote, hata kwa yule mwenye karatasi zote. Tena kuna jambo kubwa kuliko makuta: abiria wetu ni mama zetu, na wanavunjika miguu sababu sisi hatujui alama za barabara.

Kwa hiyo hatusemi "tusilipe". Kijana yeyote akitumia jina la harakati yetu ili asilipe vinyeti yake halali, hajatuelewa. Tunasema tulipe mara moja, fasi ya haki, kwa kitansi, na kisha tusilipe tena.

Barabara hii ni ya zamani, na shida hii ni ya zamani. Katika karne ya 19 misafara ilitoka pwani, ikapita Tabora na Ujiji, ikavuka ziwa, ikaingia Kabambare, Kasongo na Nyangwe. Tippu Tip alikuwa na makao yake Kasongo. Njiani, kwa mfano kule Ugogo, watawala walidai hongo, vitambaa na shanga, ili musafara upite. Hatuisifu misafara ile: ilibeba pembe na ilibeba watu wenye minyororo, na babu zetu ndio walilipa bei. Lakini muangalie neno lenyewe. Hongo ilikuwa ushuru wa kupita. Leo kwa majirani zetu wa Tanzania na Kenya, hongo ni rushwa. Neno lilianza kama malipo ya njia, likaishia mfukoni mwa mtu. Taksi za barabara yetu zinafuata nyayo zilezile.

Juu ya nini majimbo yanatukamua hivyo? Tusiseme ni roho mbaya tu. Kifungu 175 cha Katiba kinasema 40% ya mapato ya taifa ni ya majimbo, na yanazuiliwa palepale yanapokusanywa. Miaka inapita, magavana wanabadilika, na kilio cha majimbo ni kilekile: sehemu hiyo haifiki sawa ilivyoandikwa. Jimbo lenye njaa linatuma wakusanyaji barabarani, na mkusanyaji mwenye hajalipwa mushahara anajilipa mwenyewe. Njaa ya Kinshasa inateremka ngazi kwa ngazi mpaka inamkuta motari, na motari anaipandisha kwenye bei ya ndagala. Mwisho anayelipa ni mama anayepika Kasongo, ambaye hajawahi kuona bariyera ya Lulimba.

Dawa ipo, na haihitaji Katiba mpya. Kifungu 199 kinaruhusu majimbo mawili ao zaidi kupatana, kuweka pamoja utaratibu wa siasa zao na kuendesha pamoja huduma fulani. Maniema, Kivu ya Kusini na Tanganyika zinaweza kukaa kwenye meza moja na kuandika karatasi moja: vinyeti ya mmoja inatambuliwa na wote.

Wengine duniani wamefanya. Marekani ina majimbo 50, na kila jimbo linatoa permi lake. Lakini dereva wa Texas akienda Florida, permi yake inakubaliwa. Akihamia kule ndipo anabadilisha. Na kwa kodi ya mafuta ya malori makubwa, majimbo 48 ya Marekani na majimbo 10 ya Kanada yalipatana: mwenye lori anatoa hesabu na kulipa katika jimbo la nyumbani kwake, halafu majimbo yenyewe yanagawana kulingana na njia iliyotembelewa. Hakuna mtu anayefunga kamba. Wanaofanya hesabu ni wakubwa, si dereva.

Karibu zaidi, ng'ambo ya ziwa, Tanzania ilifuta mwaka 2017 ada ya kila mwaka ya leseni ya magari na kuitia kwenye bei ya mafuta. Anayetembea sana analipa zaidi, anayetembea kidogo analipa kidogo, na hakuna karatasi ya kubishania njiani. Sisi nasi tuko na FONER, mfuko wa kutunza barabara uliowekwa mwaka 2008, wenye unapata makuta kwenye mafuta. Kwa hiyo lita ya mafuta iliyopita njia halali imekwisha kulipia barabara. Na tangu mwaka 2022 inchi yetu ni memba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Wakubwa wanasafiri Arusha kuongea juu ya watu na bidhaa kutembea bila vizuizi kati ya mataifa. Ni vizuri. Waanze na Kabambare na Fizi.

Kwa hiyo sisi vijana tunadai mambo matano:

1. Gavana na bunge la jimbo la Maniema waanzishe mazungumzo na Kivu ya Kusini na Tanganyika, kwa msingi wa kifungu 199, ili vinyeti iliyolipwa katika jimbo moja itambuliwe katika mengine mawili.

2. Huduma ya kutoa permi ifike Kasongo na Kabambare kwa siku zinazojulikana, pamoja na mafunzo na mtihani wa kweli. Motari wa Kabambare asilazimishwe kusafiri mpaka Kindu, kupoteza wiki nzima ya kazi, halafu aambiwe karatasi zimeisha.

3. Orodha ya kodi na taksi halali, pamoja na bei, ibandikwe ukutani kwenye ofisi ya kila teritwari, kila sekta na kila soko, kwa Kifaransa na kwa Kiswahili. Kodi yenye inaogopa kubandikwa si kodi.

4. Kila bariyera yenye haina karatasi ya kuiruhusu iondolewe, na wenye wanaisimamia wapelekwe mbele ya korti.

5. Serikali ya Kinshasa itoe 40% ya majimbo sawa Katiba inavyosema, na wakusanyaji walipwe mushahara.

Na sisi wenyewe tunajipa kazi. Tutapita kwenye parkingi za wamotari kueleza tofauti ya permi, vinyeti na taksi. Tutasaidia kila motari kupiga picha za karatasi zake na kuzitunza kwenye simu, sababu mvua ya Maniema haina huruma na karatasi. Na tunawaomba jambo moja: kila mara unapolipa, udai kitansi yenye namba, muhuri, jina la huduma na sababu ya malipo. Ukinyimwa kitansi, uandike siku, saa, fasi na kiasi, utuletee. Mtu mmoja akilalamika, wanasema ni mulevi. Vitansi mia moja kwenye meza ya prokireri ni dosie.

Onyo moja, na mulisikie vizuri: kuna kamba zenye zinashikwa na watu wenye silaha wasio wa Leta yoyote. Hatumwambii kijana yeyote abishane na bunduki. Hapo upite salama, ufike nyumbani, ndipo useme. Maisha yako ni ya thamani kuliko vifungu vyote tulivyotaja. Lakini Leta yenyewe isitumie bunduki za porini kama sababu ya kuacha kamba zake. Tofauti kati ya Leta na mnyang'anyi ni kitansi na sheria. Leta ikiacha hivyo viwili, inabaki tofauti gani?

Babu zetu waliishi pande zote mbili za mustari huu kabla haujachorwa. Sisi bado tunaoa kule, tunazika huku, tunauzisha kule, tunalima huku. Hatutaki kuchagua kati ya Kabambare na Baraka. Tunataka kulipa haki yetu kwa Leta moja, na Leta hiyo itufungulie njia.

Permi moja. Vinyeti moja. Kitansi kila mara.

Sisi vijana wa harakati ya raia, Kasongo na Kabambare.